Ratiba ya harusi inateleza: dalili, sababu na la kufanya

Mwongozo huu ni wa wanakamati wa harusi wa huku kwetu, kuanzia Nakuru, kushuka Kericho hadi Kisumu, na kuzunguka Vihiga, Kakamega, Bungoma na Busia. Umejengwa juu ya malalamiko yale yale yanayoletwa kwenye kikao cha kuvunja kamati, sherehe ikiwa imeshapita na hakuna tena la kurekebisha: bibi harusi alichelewa, chakula kilipoa, wazee waliondoka kabla ya kuzungumza, keki ilikatwa kwa mwanga wa simu. Nimekaa katika vikao hivyo nikiwa katibu, na naamini karibu kila lalamiko lilitanguliwa na dalili ambayo mtu aliyejua pa kutazama angeiona mapema.

Pa kutazama ni hapa. Shughuli zenyewe ni nadra kuvunja ratiba. Ibada iliyopangiwa saa mbili kwa kawaida huchukua saa mbili, na keki hukatwa kwa dakika kumi. Muda hupotelea katikati ya shughuli: kutoka kiti cha msusi hadi garini, kutoka mlango wa kanisa hadi barabarani, kutoka barabarani hadi mezani, kutoka msemaji mmoja hadi mwingine. Kamati nyingi huandika shughuli na kuyaacha mapengo haya bila hata dakika moja. Kwa hiyo katika kila dalili iliyo hapa chini, tafuta kwanza pengo lililo nyuma yake.

Kuna mambo mawili ya kukagua kabla ya yote. La kwanza ni mshika saa. Awe mtu mmoja, na asiwe mzazi, wala msimamizi, wala MC, kwa sababu hao wote wana kazi nyingine saa hiyo. Awe mtu ambaye wazee watamsikia bila kuona wamekosewa adabu. La pili, ratiba iandikwe kinyumenyume, kutoka kwenye saa zisizosogea. Saa hizo ni mbili: ile ambayo kanisa, msikiti au ofisi ya msajili imekupa, na ile ya machweo. Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na Nakuru dakika chache kabla ya hapo. Ukijua hivyo, utajua keki inapaswa kukatwa saa ngapi, chakula kitoke saa ngapi, na bibi harusi aamke saa ngapi. Kamati inayoanza na saa ya kuamka na kusonga mbele hujikuta gizani.

Dalili: Ibada ni saa nne, na saa tatu na nusu bibi harusi bado yuko chumbani

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mara nyingi sababu ni hesabu ya vipodozi. Chukua mpambaji mmoja, wasimamizi sita na bibi harusi. Uso wa msimamizi mmoja ukichukua dakika 45, sita ni saa nne na nusu. Ongeza saa moja na nusu ya bibi harusi, na jumla ni muda wa saa sita kamili. Ili bibi harusi atoke nyumbani saa mbili asubuhi, mpambaji huyo lazima aanze saa nane usiku, na hakuna aliyemwambia. Bado hatujamtaja mama wa bibi harusi na mashangazi wawili, ambao wataketi kwenye kiti kile kile bila kuandikwa popote.

Ukaguzi wake ni rahisi na hufanywa wiki moja kabla: ni nyuso ngapi, ni mikono mingapi, ni dakika ngapi kila mmoja? Jumla ikivuka muda wa saa tatu, ongeza mpambaji wa pili au punguza nyuso. Halafu usimweke bibi harusi mwisho wa foleni. Mpange katikati, avae, kisha arekebishwe kidogo kabla ya kutoka. Akiwa wa mwisho, uchelewaji wa kila aliyemtangulia unamwangukia yeye. Na kama asubuhi imeshafika na mambo yameharibika, mtoe mtu yeyote aliye kwenye kiti na umketishe yeye sasa hivi. Wasimamizi wanaweza kumalizia wenyewe kwa kioo cha mkononi. Ibada haiwasubiri wao.

Sababu inayofuata ni kitu kilichoachwa kwingine: viatu viko nyumba ya dada Milimani, pete iko mfukoni mwa msimamizi wa bwana harusi, gauni linamaliziwa kwa fundi. Dawa yake ni sanduku moja linalofungwa Ijumaa jioni mbele ya mtu mmoja, ambaye ndiye hulala nalo. Gauni lililo kwa fundi hadi Ijumaa, hesabu kwamba halijaisha, na umtume mtu akae pale mpaka likamilike.

Ya tatu ni umeme kukatika wakati nywele zinakaushwa na nguo zinapigwa pasi. Kenya Power hutangaza mapema maeneo itakayoyazima kwa ajili ya matengenezo, na *977# inafanya kazi kwenye simu yoyote. Angalia tangazo la wiki hiyo. Hata pasipo tangazo, nguo zipigwe pasi usiku na nywele zioshwe jana yake.

Ya nne haitokei sana, lakini ndiyo yenye hatari. Bibi harusi hajala tangu jana mchana, amelala kwa saa mbili tu, amebanwa kiuno na gauni, na sasa anasikia kizunguzungu. Simamisha kila kitu. Mlegezee gauni, mlaze, umpe hewa, na akishapata nafuu anywe maji kidogo kidogo na ale kitu. Akizimia na asizinduke mara moja, akilalamika kifua, au kama ni mjamzito na anaumwa tumbo, hapo ratiba imekwisha: ni hospitali. Nambari za dharura ni 999 na 112. Kasisi atasubiri, na asiposubiri, kuna siku nyingine.

Dalili: Msafara umefika kumchukua bibi harusi, lakini lango limefungwa

Kina mama wamejipanga langoni wakiimba, na hawafungui hadi wapewe chochote. Hili si tatizo, ni mila, na ni mojawapo ya dakika tamu za siku nzima. Hugeuka tatizo kwa sababu tatu.

Ya kawaida ni kwamba halikupewa muda. Ratiba inasema “saa mbili: kumchukua bibi harusi” kana kwamba ni kuokota mzigo. Lipe dakika 30 na uliandike. Ya pili ni kwamba waliotumwa hawajui kuongea. Vijana wanafika na noti za elfu moja tupu, wanaanza kubishana, na shangazi mmoja anaudhika. Tuma mama au mjomba mwenye ulimi, mwenye noti ndogo ndogo mkononi, na kuimba aimbe. “Shangazi, tumetoka mbali, tunaomba njia, na hiki ni cha maji ya koo” hufungua lango haraka kuliko pesa mara mbili yake.

Ya tatu ni nzito. Wakati mwingine lango limefungwa kwa sababu kuna neno halijaisha kuhusu mahari: ng'ombe walioahidiwa hawajafika, au kwa upande wa Waluo, ayie, yaani malipo anayopewa mama wa bibi harusi, haikukamilika kama alivyoelewa yeye. Dalili yake ni kwamba nyimbo zimekoma na wanaume wa nyumba hiyo wamesogea langoni. Hapo kijana yeyote asijaribu kuwa mjanja. Nyamazeni, na mwite yule mzee aliyekuwa msemaji wenu siku ya mahari azungumze na msemaji wa upande wa pili, wawili hao peke yao, ndani. Huyo mzee ndiye mtaalamu wa tatizo hili. Dawa bora ilikuwa mwezi mmoja kabla: wasemaji hao wawili wapigiane simu na kuulizana waziwazi kama kuna deni.

Dalili: Magari hayaonekani, au msafara umekatika njiani

Anza na swali dogo: dereva aliambiwa saa ngapi, na kwa maneno gani? Huku kwetu mtu huandika “10” kwenye ujumbe akimaanisha saa nne asubuhi, na mwingine husoma saa kumi, yaani alasiri. Wageni na madereva wamekosa harusi nzima kwa sababu hiyo. Andika “saa nne asubuhi” kwa maneno, kila mara, hata kwa mtu unayemwamini.

Sababu inayofuata ni mafuta. Gari lililopambwa maua lililo kwenye foleni ya kituo cha mafuta ni picha ya kamati iliyolala. Matangi yajazwe Ijumaa.

Kisha barabara yenyewe. Jumamosi magharibi mwa Kenya ni siku ya harusi na ni siku ya mazishi pia, na misafara hiyo miwili hukutana. Msafara wa mazishi haupitwi kwa honi; punguzeni mwendo, zimeni muziki, muupishe. Kisumu, makutano ya Kondele na Mamboleo yanahitaji dakika za ziada kwa yeyote anayeelekea Kakamega au Miwani. Harusi ikiwa Jumapili, kama zilivyo nyingi za Waadventista kwa kuwa Sabato yao huanza Ijumaa machweo na kuisha Jumamosi machweo, usiipitishe kandokando ya soko la Kibuye. Jumapili ndiyo siku yake kubwa. Na wageni wanaotoka Nairobi, waambie wazi kwamba kipande cha Nakuru hadi Mau Summit, kupitia Salgaa, hujaa malori, na aliyepanga kufika asubuhi ya harusi alipaswa kulala Nakuru au Kericho.

Msafara hukatika zaidi pale kanisani penyewe. Gari la kwanza linaondoka, la nne bado linasubiri mtu aliyekwenda kuagana na padri. Rekebisha hivi: kila gari liwe na mkuu wake mwenye orodha ya abiria, gari la bwana na bibi harusi lisiwe la kwanza, na dereva wa mbele awe mtu anayeijua njia, si mwenye gari zuri zaidi.

Onyo. Dereva akianza kuyapita magari mawili mawili ili “kuushika msafara,” au vijana wakichomoza nusu ya miili yao kwenye madirisha na paa, mkuu wa gari aamuru lisimame kando. Dereva aliyekunywa ashuke, hata kama gari ni lake. Hili halina mjadala wala halingoji idhini ya kamati.

Dalili: Wageni wameshafika uwanjani, maharusi hawaonekani

Wako kwenye picha. Sababu ya kwanza ni kwamba mpiga picha aliachiwa achague mahali, naye akachagua pazuri bila kupima umbali. Kutoka kanisani mjini Kisumu hadi Dunga na kurudi, pamoja na kushuka, kupanga gauni na kupanda tena, ni zaidi ya saa moja hata barabara ikiwa nyeupe. Kit Mikayi, kule Seme kwenye barabara ya Bondo, ni mwamba wa kupendeza sana, lakini kwa harusi iliyo Nyamasaria ni nusu ya mchana. Menengai juu kabisa kuna upepo unaopeperusha shela na baridi inayowatetemesha watoto wa maua.

Sababu ya pili ni lango. Hifadhi ya Impala mjini Kisumu na Mbuga ya Ziwa Nakuru ziko chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Ada hulipwa mapema kupitia eCitizen, na kila kichwa huhesabiwa. Magari manane yakifika bila malipo, foleni yake utaila wewe. Waingie maharusi, wasimamizi na mpiga picha tu. Na anayetaka kurusha droni karibu na ziwa akumbuke kwamba uwanja wa ndege wa Kisumu uko pale pale ukingoni. Sheria za usafiri wa anga zinamtaka rubani wa droni awe na kibali, na bila kibali isiruke.

Suluhisho ninalolipenda mimi, ingawa wapiga picha hulikataa mwanzoni, ni kugawa picha mara mbili: za familia kwenye ngazi za kanisa mara tu baada ya ibada, kwa orodha iliyoandikwa ya makundi, dakika 30, na za wawili peke yao saa kumi na moja jioni, mwanga ukiwa mlaini, wakati wageni wanakunywa soda. Mchana wa saa saba, jua la Kisumu huweka kivuli machoni pa kila mtu, na hata picha hazifai.

Dalili: Saa tatu asubuhi na hema bado halijasimama

Uliza hema hilo lilikuwa wapi jana. Mara nyingi huku kwetu, hema, viti, spika na masufuria makubwa ya harusi ndiyo hayo hayo ya matanga. Mwenye kukodisha alikuwa na mazishi Ijumaa, yamechelewa kuisha, vijana wake wamelala saa nane usiku, na sasa wanapakua taratibu. Usimgombeze, hutapata kitu. Wape vijana chai na mikono ya ziada kutoka kwa kamati, na muanze na hema la wazee na jikoni.

Ili lisitokee, mkataba useme hema lisimame Ijumaa saa kumi jioni. Ukiambiwa “tutakuja alfajiri,” tafuta mwingine au ulipie usiku wa Ijumaa. Malipo ya mwisho yatolewe hema likiwa limesimama.

Sababu ya nadra ni ardhi. Uwanda wa Kano, kuanzia Ahero kwenda Nyando, una udongo mweusi unaonata, na kati ya Machi na Mei lori la viti linaweza kuzama hadi ekseli. Nendeni mkaukague uwanja baada ya mvua, si siku ya jua.

Dalili: Foleni ya chakula haisongi

Watu mia nne, meza moja, upande mmoja. Kila mgeni akichukua sekunde 15 tu, ni dakika mia moja, na MC hana la kufanya wakati huo wote. Meza mbili zinazopakuliwa pande zote mbili zinakuwa foleni nne, na kazi inaisha kwa dakika 25. Hakuna marekebisho mengine kwenye ratiba nzima yanayorudisha muda mwingi hivi kwa gharama ndogo hivi, na bado kila Jumamosi utaona meza moja ndefu imeegemezwa ukutani.

Kama meza ziko sawa na bado foleni imekwama, tazama mwanzo wa meza. Anayepakua nyama ndiye anayechelewesha, kwa sababu anachagua vipande kulingana na anayemjua. Mwondoe huyo wa nyama mwanzoni, mweke mwisho, sahani ikiwa imeshajaa pilau na chapati. Wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga wapelekewe mezani, wasisimame.

Ikiwa chakula hakijaiva kabisa, sababu ya kwanza ni kuni mbichi na ya pili ni mpishi kuchelewa kuanza akijua harusi huchelewa. Mpe mpishi saa ya kweli, na umwambie ni ya kweli.

Onyo kuhusu chakula kilichoiva mapema kupita kiasi. Kisikae nje bila moto zaidi ya saa mbili. Kikae juu ya makaa au kwenye vyombo vinavyokiweka moto juu ya nyuzi 60. Samaki na kuku waliopikwa alfajiri na kufunikwa hadi saa tisa alasiri wasipakuliwe, hata kama kumwaga kunauma. Wageni wawili watatu wakianza kutapika, sitisha upakuaji wote, waambie wageni ukweli, na uwapeleke wagonjwa hospitali bila kungoja uone kama kutapita.

Dalili: Jua linashuka na bado tuko kwenye hotuba

Sababu ya kwanza ni idadi ya wasemaji. Kumi na wawili kwa dakika tatu ni dakika 36 kwenye karatasi. Lakini kila mmoja hutembea hadi mbele, hushika maikrofoni, huomba wa kwao wasimame, na dakika tatu huwa tano. Saa nzima imekwenda. Rekebisha kwa makundi: upande wa mama wote wasimame pamoja, mmoja aseme, wengine wapunge mkono. Mshika saa akae karibu na MC, si nyuma ya hema.

Sababu ya pili ni mheshimiwa anayesubiriwa. Amepiga simu kusema yuko Luanda, kule Vihiga, na Luanda yake haiishi. Endeleeni. Akifika apewe dakika zake kati ya shughuli, na akihutubia kuhusu kura, mwenyekiti wa kamati ambaye ni rika lake ndiye wa kumgusa bega, si MC kijana.

Sababu ya tatu ni zawadi. Watu 300 wakipita kumsalimu bibi harusi kwa sekunde kumi kila mmoja, ni dakika 50. Mistari miwili, mmoja kwa bwana harusi na mwingine kwa bibi harusi, hupunguza nusu. Bahasha ziingie sandukuni. Kusoma majina ya watoaji kusifanyike hadharani.

Hapa nisieleweke vibaya. Yako mambo ambayo hayafai kukatwa. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, haiingii kwenye sherehe kwa dakika tano. Wapigaji wakishaanza, ngoma ina mwendo wake, na kuwakatiza kwa ajili ya kupiga muziki wa DJ ni kuwavunjia heshima. Wape nusu saa wakati wa kuwaingiza maharusi, na uitoe hiyo nusu saa kwenye hotuba. Kadhalika baraka za babu au nyanya. Mzee wa miaka themanini apewe nafasi mapema, kabla ya chakula, akiwa bado ana nguvu, na asihesabiwe dakika.

Dalili: Spika zimenyamaza

Angalia kwanza plagi, kisha swichi ya waya wa kurefusha, kisha betri za maikrofoni. Kwa kawaida ni mojawapo ya hayo. Kama jenereta imezima, kagua mafuta. Jenereta ya moto isijazwe petroli. Izimwe, ipoe kwanza. Ikae nje na mbali na hema, maana moshi wake una monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu na huua. Kamwe isichomekwe kwenye soketi ya nyumba ili “iwashe nyumba nzima”: umeme huo hurudi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi aliye juu. Ukisikia harufu ya waya kuungua, au mtu akapigwa shoti aliposhika maikrofoni, zima chanzo chote na umwite fundi umeme. Hotuba ziendelee kwa sauti ya mdomo.

Dalili: Wingu limekuja

Mchana nchi kavu hupata joto, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwa hukimbilia kuijaza. Ndiyo maana Kisumu asubuhi hutulia na alasiri hema huanza kupiga makofi, na ndiyo maana mawingu hupanda kuelekea Nandi na Kericho saa nane au saa tisa. Kakamega mvua ya alasiri ni jambo la kawaida miezi mingi ya mwaka. Kwa hiyo jambo lolote la wazi, kama kuapishana bustanini, lipangwe kabla ya saa sita. Huu ni utatuzi wa kweli. Mengine yote ni kujikinga.

Hema likianza kunyanyuka kwenye vigingi, usiwatume vijana kuning'inia kwenye nguzo. Watoe watu wote kwanza. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi, na hema lenye nguzo za chuma si kinga, wala mti. Ukisikia ngurumo, wageni waingie kanisani, darasani, ndani ya nyumba au kwenye magari yaliyofungwa, na wakae humo hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kamati ijue mapema jengo hilo ni lipi na ufunguo wake uko kwa nani.

Dalili: Kasisi amesema hataendelea

Sababu ya kwanza ni kitambulisho kilichosahaulika. Mtume mtu wa bodaboda. Ya pili ni shahidi: sheria inataka mashahidi wawili waliotimiza miaka 18, na msimamizi wa miaka 16 hafai kutia sahihi hata kama amependeza. Mashangazi wawili wazima wapo; mmoja asaini. Anayefungisha ndoa hawezi kuwa shahidi.

Ya tatu hairekebishiki siku hiyo. Kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa ya kiserikali inahitaji notisi ya maandishi isiyopungua siku 21 kwa msajili, na ndoa ya Kikristo ifungishwe na mhubiri mwenye leseni ya kufungisha ndoa. Ukigundua Jumamosi asubuhi kwamba mhubiri hana leseni, msitie sahihi cheti chochote. Ombeni, imbeni, wabarikiwe, chakula kiliwe, na Jumatatu mwende kwa msajili. Na mtu akisimama kusema mmoja wa maharusi ana ndoa nyingine, ibada isimame. MC asimcheke, vijana wasimtoe nje kwa nguvu. Kasisi amsikilize faraghani, na wakili aitwe.

Dalili: Giza limeingia na basi la wageni halijaondoka

Mara nyingi ni abiria wawili wanaotafutwa. Mkuu wa basi ahesabu watu saa kumi na moja jioni, kabla ya keki, si baada yake. Kama dereva amekuwa macho tangu alfajiri na safari ni ya Nairobi, wageni walale. Vyumba vya ziada, hata madarasa yenye magodoro, viwe kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na chakula cha jioni cha dereva na kitanda chake yeye.